Majarida ya kale ya hadithi za kisayansi ya Marekani: nitazipata wapi barua za wasomaji zikiwa kamili?

Mtafiti wa Morogoro aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninaandika tasnifu ya uzamivu kuhusu wasomaji wa majarida ya bunilizi ya kisayansi yaliyochapishwa Marekani tangu Hugo Gernsback alipotoa toleo la kwanza la Amazing Stories, Aprili 1926, hadi kuanza kwa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Sishughuliki sana na hadithi zenyewe, kwa kuwa zile maarufu zimekwisha kukusanywa vitabuni na wahakiki wamezichambua vya kutosha. Ninachokitafuta ni barua ambazo wasomaji walimpelekea mhariri, wakisifu, wakibeza, wakisahihisha hesabu za mwendo wa roketi na kugombana wao kwa wao mwezi baada ya mwezi. Barua hizo ni nadra mno kuchapishwa upya, kwa hiyo asiye na jarida lenyewe mkononi hana kitu.

Mpaka sasa nimetegemea picha za kurasa zilizopandishwa mtandaoni, nazo zimenikwamisha mara mbili. Kwanza, nilipofungua toleo la Mei 1926 la Amazing nilikuta linaanzia ukurasa wa 97, nikaamini kwamba aliyelipiga picha ameruka karibu kurasa mia moja. Pili, katika toleo moja la mwaka 1931 la jarida jingine, safu ya barua inakatika pale pale msomaji anapoanza kulitaja kosa la mwandishi, kisha linafuata jalada la nyuma. Nimetafuta nakala nyingine ya toleo hilo mtandaoni, nikagundua kwamba zote zimetokana na picha zile zile.

Naomba kuelekezwa ni makusanyo gani yaliyoyahifadhi majarida haya yakiwa mazima, na kama fedha zangu zinatosha safari moja tu, niende wapi. Aidha, kama kuna namna ya kuzipata kurasa hizo nikiwa hapa hapa nyumbani, nitashukuru zaidi.

Mkutubi wa Ughaibuni alijibu:

Ndugu mtafiti, mimi ni Mtanzania, mkutubi katika maktaba ya chuo kikuu kimoja huku katikati ya Marekani, na majarida ya aina hiyo hupita mikononi mwangu mara kwa mara. Nianze kwa kukuondolea wasiwasi wa kwanza: toleo lako la Mei 1926 halijapungukiwa na kitu. Gernsback alizihesabu kurasa za Amazing kwa juzuu, si kwa toleo. Toleo la Aprili lilikuwa na kurasa 96, basi la Mei likaendelea na 97, na hesabu ikapanda hivyo hivyo mpaka juzuu ilipokwisha. Ulichokuta ni desturi ya wachapishaji wa enzi hizo, waliotarajia kwamba msomaji makini atayapeleka matoleo yake kwa mfunga vitabu yafungwe pamoja.

Wasiwasi wa pili ni wa kweli, na chanzo chake ni hiyo hiyo desturi ya kufunga. Maktaba nyingi zilipoyafunga majarida kuwa juzuu zenye majalada magumu, zilichomoa majalada ya karatasi na kurasa za matangazo, kwa kuwa yalionekana ni takataka zinazonenepesha kitabu. Sasa, katika majarida haya safu ya barua mara nyingi ilianza ukurasa safi, kisha ikaendelea nyuma kabisa, ikijipenyeza kando ya matangazo ya mafunzo ya redio kwa njia ya posta na dawa za kunenepesha misuli. Aliyeng'oa tangazo aling'oa na barua. Juzuu ya namna hiyo ikipigwa picha, pengo linasafiri pamoja na picha, na kila anayenakili ananakili pengo. Ndiyo maana nakala tano za mtandaoni zaweza kuwa ni nakala moja tu.

Mikrofilamu, yaani filamu zenye picha ndogo ndogo za kurasa, nazo zisikupumbaze. Filamu nyingi zilipigwa kwa rangi nyeusi na nyeupe, kwa hiyo michoro ya Frank R. Paul, aliyechora lile jalada la kwanza lenye Zohali na watu wanaoteleza juu ya barafu, inageuka kivuli cha kijivu. Kwa barua inatosha, mradi tu uwe na hakika kwamba kilichopigwa picha kilikuwa jarida zima.

Kuhusu mahali pa kwenda, kwa swali lako ningeanza na Chuo Kikuu cha California, Riverside. Mkusanyo wao wa Eaton ulianza mwaka 1969, chuo kiliponunua vitabu 7,500 hivi vya daktari mmoja mpenzi wa fasihi hii, J. Lloyd Eaton, na leo ni miongoni mwa makusanyo makubwa kabisa duniani ya bunilizi ya kisayansi yaliyo wazi kwa umma. Mbali na mifululizo mirefu ya majarida, pana fanzini, yaani vijarida vilivyotengenezwa na wasomaji wenyewe, zilizotoka kwa wakusanyaji kama Terry Carr, Bruce Pelz na Fred Patten. Kwako wewe hilo ni jambo kubwa, kwa sababu ugomvi uliokatizwa na mhariri katika jarida mara nyingi uliendelea kwenye fanzini.

Pili ningeweka Syracuse, jimbo la New York, lakini kwa sababu nyingine. Pale ziko nyaraka za Gernsback mwenyewe na kumbukumbu za kampuni ya Street & Smith, iliyolinunua Astounding, jarida jingine la bunilizi ya kisayansi, mwaka 1933. Usiende Syracuse kusoma barua zilizochapishwa. Nenda ukitaka kujua ofisi iliyozipokea ilikuwa ikiendeshwaje.

Niseme na neno kuhusu karatasi yenyewe. Ilitengenezwa kwa mbao zilizosagwa bila kuondolewa lignini, ile gundi ya asili ya mti, na lignini ikikutana na mwanga na hewa huzaa asidi inayoila karatasi kutoka ndani. Ukilifungua jarida la mwaka 1930 ambalo halikutunzwa vizuri, kingo zake huwa za rangi ya kahawia kama chai ya rangi, na kila unapogeuza ukurasa vipande vidogo hudondoka mezani mfano wa makombo ya mkate. Tena pini za chuma zimepigwa kutoka ubavuni, si katikati ya mkunjo, kwa hiyo jarida halikubali kulala wazi. Ukilazimisha, mgongo unapasuka. Ndiyo sababu tunaliweka juu ya mito ya sponji, liwe wazi kwa pembe ndogo, na ndiyo sababu utakatazwa kulilaza juu ya mashine ya kunakilia. Katika vyumba vya kusomea vya makusanyo maalumu utapewa folda moja kwa wakati mmoja, utaandika kwa penseli, na mara nyingi utaruhusiwa kupiga picha kwa simu yako bila mwanga wa flashi. Siku tano za kazi ya namna hiyo zinatosha kukusanya mamia ya kurasa, ikiwa umekuja na orodha.

Mkusanyaji wa Mvita alijibu:

Shehe, mimi nayakusanya majarida haya kwa miaka mingi sasa, na ninamheshimu mkutubi, ila sioni haja ya tiketi ya ndege. Wako wakusanyaji binafsi ambao hawakuwahi kufunga wala kung'oa chochote, nao wamepiga picha majarida yao kutoka jalada la mbele hadi la nyuma, matangazo yakiwamo. Tovuti ya Internet Archive ina sehemu nzima ya majarida ya karatasi za bei nafuu ya zama hizo, na nakala nyingi zilizomo humo zilitoka kwa watu hao. Siri ni kutoshika nakala ya kwanza unayoiona. Tazama kama jalada lina rangi, tazama kama kurasa za matangazo zipo, tazama kingo: kama zina mikato laini iliyonyooka kabisa, basi huenda hiyo ni juzuu iliyopitishwa kwenye kisu cha mfunga vitabu, kwani majarida mengi ya aina hii yalitoka kiwandani na kingo zake mbaya zisizokatwa.

Lakini nakubaliana na jambo moja, kwamba vya mtu binafsi havina uhakika wa kesho. Forrest Ackerman, aliyeishi Los Angeles, alijaza nyumba ya vyumba 18 kwa vitabu, majarida na vifaa vya filamu vinavyokadiriwa kufika laki tatu, na siku za Jumamosi alifungua mlango kwa yeyote aliyetaka kuona. Alitamani pawe makumbusho. Haikuwa. Vitu viliuzwa kidogo kidogo, na baada ya kufariki kwake mwaka 2008 vilivyobaki vikatawanyika. Ninamtaja kwa sababu anakuhusu: barua yake ya kwanza ilichapishwa mwaka 1929 katika Science Wonder Quarterly, akiwa mvulana bado, na kwa miaka iliyofuata hapakuwa na safu ya barua ambayo jina lake halikuonekana. Mkimtafuta mwandishi wa barua aliyekuwa kiungo kati ya safu hizo na vilabu vya mashabiki, mwanzieni huyo.

Kuhusu sheria usihofu. Majarida yote ya Marekani ya kabla ya 1964 ni mali ya umma, kwa hiyo nukuu upendavyo.

Wakili wa Maandishi alijibu:

Samahani, mzee wa Mvita, hapo mwisho pamekaa vibaya na si vyema mwanafunzi aliandike hilo katika tasnifu. Sheria ya Marekani haikuyaachia majarida yote ya kabla ya 1964. Kilichopo ni hiki: chapisho la Marekani hulindwa miaka 95 tangu kuchapishwa, na kila Januari 1 mwaka mwingine mzima huachiwa. Machapisho ya 1926, likiwamo toleo la kwanza la Amazing, yaliachiwa Januari 1, 2022, na miaka iliyofuata imekuwa ikifuata kwa zamu. Kwa yaliyochapishwa baadaye hadi 1963, mwenye haki alipaswa kuifanya upya hakimiliki yake katika mwaka wa 28. Aliyesahau au aliyepuuza aliipoteza. Wachapishaji wengi wa majarida haya walikuwa wamefilisika au kuuza kampuni kabla mwaka wa 28 haujafika, ndiyo maana Project Gutenberg, maktaba ya bure ya mtandaoni, imeweza kuweka hadithi nyingi za miaka ya 1950 kutoka majarida ya Galaxy na If. Lakini wako waliofanya upya, na wako waandishi waliofanya upya hadithi zao wenyewe hata pale jarida lilipoachwa. Chuo Kikuu cha Pennsylvania kina orodha mtandaoni inayoonyesha kila jarida lilianza lini kufanyiwa upya hakimiliki; ikague hiyo kabla ya kuchapisha picha ya ukurasa wowote wa 1931 na kuendelea.

Kunukuu aya moja ya barua kwa ajili ya uchambuzi ni jambo jingine, wala halihitaji kukuondolea usingizi.

Mtafiti wa Morogoro alijibu:

Nawashukuru sana. Kwa hilo la ukurasa wa 97 naona haya kidogo, kwa maana nilikwisha kuwaandikia wenye tovuti kuwalalamikia.

Nina swali dogo la nyongeza. Je, ipo faharasa ya barua? Nimeona faharasa ya Donald B. Day ya majarida ya 1926 hadi 1950, iliyochapishwa Oregon mwaka 1952, ila humo nimekuta hadithi na waandishi wake, si wasomaji.

Mwalimu Mstaafu alijibu:

Mwanangu, Day aliifanya kazi ya miaka mingi kwa mikono yake, na hadithi peke yake zilimtosha. Hazina ya mtandaoni ya taarifa za bunilizi ya kisayansi iitwayo ISFDB, iliyoanzishwa mwaka 1995, imeingiza baadhi ya barua, hasa za watu waliokuja kuwa waandishi au wahariri, lakini kijana wa mkulima wa Kansas aliyeandika mara moja na kunyamaza humkuti humo. Faharasa itabidi uitengeneze mwenyewe, na pengine hiyo ndiyo itakayokuwa sehemu ya tasnifu yako itakayodumu.

Lakini nilikusudia kukuonya juu ya jambo ambalo wenzangu hawajaligusa. Barua iliyochapishwa si sauti ya msomaji peke yake, ni sauti iliyochaguliwa, na mchaguzi alikuwa na yake. Amazing ilipoanza safu yake ya Discussions mwaka 1927, ilichapisha majina ya wasomaji pamoja na anwani zao kamili. Huenda Gernsback alitaka tu kuonyesha kwamba jarida lina watu, lakini matokeo yake ni kwamba wasomaji walianza kuandikiana moja kwa moja, wakaunda klabu ya kuandikiana barua, na Mei 1930 klabu hiyo ikatoa The Comet, kijarida ambacho wengi hukihesabu kuwa fanzini ya kwanza. Aliyekihariri alikuwa Raymond A. Palmer. Mwaka 1938 Palmer huyo huyo akawa mhariri wa Amazing, yaani mtu wa upande wa pili wa meza.

Palmer akiwa kitini ndipo utakapoona jinsi barua inavyoweza kupikwa. Richard Shaver, aliyekuwa Pennsylvania, aliandika barua akidai amegundua herufi za lugha ya kale kupita zote. Husimuliwa kwamba Howard Browne, msaidizi ofisini, aliisoma kwa kicheko akaitupa kapuni, na Palmer akaiokota. Ilitoka katika toleo la Januari 1944. Machi 1945 Palmer alitoa hadithi ndefu iliyojengwa juu ya madai ya mtu huyo, kuhusu viumbe waovu wanaoishi mapangoni chini ya ardhi, akaiuza kama jambo la kweli, na safu ya barua ikafurika watu waliosema nao wamesikia sauti hizo. Wewe unayesoma leo utaitaje safu ile? Ni ushahidi wa waliyoyaamini wasomaji, au ni ushahidi wa mhariri aliyejua kuuza? Najua ni nje ya miaka yako, ila usidhani mchezo huo ulizaliwa 1945.

Na mfano mmoja wa kukuonyesha kwa nini ni lazima upate mfululizo, si matoleo ya hapa na pale. Katika Astounding ya Novemba 1948 msomaji mmoja alipeleka barua ya kusifu na kukosoa hadithi za toleo la Novemba 1949, mwaka mzima kabla halijaandikwa. Alitaja waandishi na majina ya hadithi, akazipanga kwa ubora kama ilivyokuwa desturi ya safu ya Brass Tacks. John W. Campbell, mhariri, aliichapisha bila makeke, kisha kimya kimya akawaendea waandishi waliotajwa akawaomba waziandike. Novemba 1949 ilipofika, toleo likatoka likiwa na Heinlein, van Vogt, Sturgeon, del Rey na de Camp chini ya majina yale yale ya hadithi yaliyobuniwa na msomaji. Mwenye toleo moja tu kati ya hayo mawili haoni kitu cha ajabu.

Mkutubi wa Ughaibuni alijibu:

Mwalimu amenikumbusha Chuo Kikuu cha Iowa, ambacho mwaka 2012 kilipokea mkusanyo wa Rusty Hevelin, shabiki wa tangu miaka ya 1930: majarida, vitabu na fanzini kwa maelfu. Wamekuwa wakizipiga picha fanzini hizo na kuwaomba watu wa kujitolea wazinakili maneno yake, ili ziweze kutafutwa kwa jina. Kazi ya namna hiyo ndiyo itakayokusaidia kuwafuata wasomaji wako baada ya kutoka kwenye safu ya jarida.

Kama utakuwa Massachusetts kwa sababu nyingine yoyote, pitia pia maktaba ya chama cha wanafunzi cha bunilizi ya kisayansi, kilichoanzishwa 1949 katika chuo cha MIT. Hapo vitabu viko wazi rafuni na unachukua mwenyewe, jambo ambalo huku kwetu halifikiriki. Ila chama kinaendeshwa na wanafunzi, na mlango hufunguka akiwapo mwenye ufunguo, hivyo uliza kwanza.

Utakapofika kwenye rafu yoyote ya Astounding usishangae kuona mistari ya migongo inapanda na kushuka. Mwanzoni jarida lilikuwa la kipimo cha kawaida cha aina hiyo, yapata sentimita 18 kwa 25. Januari 1942 likakuzwa. Mei 1943, karatasi zilipoadimika kwa sababu ya vita, likarudishwa. Na Novemba mwaka huo huo likapunguzwa likawa dogo la kubebeka mkononi. Kwa kuwa maktaba nyingi hupanga vitu kwa ukubwa, matoleo ya mwaka mmoja yanaweza kuwa katika maboksi matatu tofauti, na ukiomba boksi moja utadhani mengine yamepotea.

Sasa la kubaki nyumbani. Usiwaandikie wakutubi ukisema unatafiti barua za wasomaji na unaomba msaada. Barua ya aina hiyo hujibiwa kwa upole na kiungo cha katalogi. Andika jina la jarida, mwezi, mwaka, namba ya juzuu na ya toleo, kisha kurasa unazozitaka, kwa mfano kuanzia ukurasa ambapo sentensi yako ilikatika hadi mwisho wa toleo pamoja na jalada la nyuma, na uulize waziwazi kama nakala yao imefungwa au iko katika hali yake ya asili. Swali hilo la mwisho ndilo linalomfanya mkutubi ainuke kwenda rafuni, kwa sababu katalogi hailijibu. Kurasa tatu au nne mara nyingi hupatikana kwa ada ndogo au bila ada. Kwa safari yenyewe, jarida la Science Fiction Studies limekuwa likitoa ufadhili wa R. D. Mullen kwa wanaokwenda kutafiti katika makusanyo kama haya; tazama masharti yao ya mwaka huu kabla hujanunua tiketi.

Nitumie kwa ujumbe binafsi jina na mwezi wa lile toleo lako la 1931. Kesho asubuhi nina zamu ya chumba cha kusomea. Kama tunalo na halikufungwa, nitaisoma sentensi iliyobaki nikuandikie.